Kuku wangu wamemaliza mchicha wa jirani, na wenyewe kuna kitu kinawamaliza

Shikamoo Bibi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Goba, Dar es Salaam, upande ule unaoteremka kwenda bondeni. Kiwanja chetu ni 20 kwa 20. Nyumba imechukua karibu nusu, na nyuma kuna mwembe, mipapai miwili na banda la mabanzi ambalo fundi alilisimamisha harakaharaka masika yakiwa yanabisha hodi. Nafuga kuku wa kienyeji: matetea 18, majogoo 2, na vifaranga ambao idadi yao siwezi kukutajia kwa sababu nikikuambia leo, kesho itakuwa uongo.

Aliyenianzishia ni mama mkwe. Alikuja nao wachache kutoka Singida, ndani ya tenga, juu ya basi, wakazaana. Asubuhi nawafungulia, mchana wanazurura, jioni wanarudi wenyewe. Kwao Singida ndivyo wanavyofugwa na hakuna anayemgombeza mtu. Hapa Goba tumebanana. Jirani yangu ni mama mtu mzima, miaka yote namwamkia, na ana matuta ya mchicha na matembele ambayo ndiyo yanayompa hela ya sabuni na umeme. Kati yetu kuna michongoma iliyokufa nusu. Bibi, kuku wangu wameyageuza yale matuta uwanja wa mazoezi. Juzi alikuja getini, shikamoo yangu hakuiitikia, akasema kuku wa kwangu atakayemkuta tena kwake atamchinja, na supu atamwita mjumbe waje wanywe pamoja. Sijajua bado kama ule ulikuwa utani.

Halafu kuna hili la pili. Nimemkuta tetea bandani asubuhi, mwili mzima upo, kichwa na shingo hakuna. Siku chache baadaye, mwingine vilevile. Vifaranga nao hupotea mchana, mmoja mmoja, bila hata unyoya. Mayai wanayotaga nyuma ya rundo la tofali siku hizi siyaoni kabisa.

Baba watoto anasema tuwachinje wote, yaishe. Fundi mmoja anataka tujenge ukuta wa tofali kozi nne kisha waya juu, na bei aliyonitajia naweza kupangia chumba mwaka mzima. Mwingine anasema waya wa kuku na nguzo chache, kazi ya siku moja. Na mama mkwe kwenye simu ananiambia kuku wa kienyeji ukimfungia ananyong'onyea na kuacha kutaga.

Nimsikilize nani? Na huyu mama jirani nimwendeeje?

Mama wa Goba

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Umeniandikia mambo mawili kwenye barua moja, na mafundi wako wote wawili wamesikia moja tu. Kumzuia kuku asitoke ni kazi rahisi. Hata fito na nyavu kuukuu zinaweza. Kumzuia mnyama asiingie ni kazi nyingine, ina vifaa vyake, na haianzii uani. Inaanzia bandani. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote achimbe shimo la nguzo, tuanze na wale matetea waliokufa.

Tetea aliyekutwa asubuhi mwili upo, kichwa na shingo hakuna, ameuawa usiku na mnyama mdogo mla nyama. Huko bondeni mnao kanu, kicheche na paka shume, na wote hawa hupita mahali ambapo wewe ungeapa hapapitiki. Mabanzi yakikauka yanajikunja na kuacha nyufa. Nenda mchana, jifungie humo bandani, tazama mwanga unaingilia wapi. Pote ambapo vidole viwili vinapita, pazibe. Usizibe kwa gunia wala boksi. Pigilia waya wa matundu ya nusu inchi kwa ndani, misumari iwe ya kutosha na uikunje. Chini pia, pale banzi linapokutana na udongo, na juu kati ya ukuta na bati, ambapo mafundi wengi huacha wazi wakisema ni hewa. Hewa ni lazima, tena kwa joto la Dar, lakini ipite kwenye waya.

Mlango uwekee komeo mbili, ya juu na ya chini. Komeo moja katikati huacha pembe ya chini ikicheza, na mnyama mwembamba anajua kusukuma. Kisha jambo ambalo halina gharama: mlango ufungwe kila siku kabla ya giza, na mtu mmoja nyumbani awe na kazi hiyo. Si “yeyote atakayekumbuka”. Mpe mtoto mkubwa.

Vifaranga wanaopotea mchana bila unyoya ni habari nyingine. Hapo mshukiwa anatoka juu: mwewe, au kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanaotusumbua pwani nzima asili yao ni India; waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na mpaka leo tunalipa deni lile kwa vifaranga. Kunguru ana akili, anajua saa mama kuku anapokwenda kunywa maji. Na nguchiro naye huwinda mchana, hapiti juu, anapita chini ya michongoma hiyo iliyokufa nusu.

Mayai ya nyuma ya rundo la tofali nina shaka na kenge. Nyie mko karibu na bonde, na rundo la tofali ni nyumba nzuri sana kwake. Lihamishe. Ndani ya banda weka viota, kimoja kwa kila matetea manne au matano, vyenye kivuli na majani makavu, utaona watarudi kutaga humo. Kuku hapendi kutaga mwangani; alikwenda nyuma ya tofali kwa sababu bandani hapakuwa na pa kujificha.

Sasa uzio. Ukuta wa kozi nne sikushauri. Si mbaya, ila fedha ile yote inakwenda kwenye sehemu ya chini tu, na juu unabaki na tatizo lilelile la waya. Fundi wa pili yuko karibu na ukweli lakini nina wasiwasi na waya aliokusudia. Waya mwembamba wa matundu makubwa ya pembe sita, ule unaouzwa kila duka la vifaa, mbwa mmoja mwenye njaa anaupasua kwa meno, na kifaranga anapita katikati yake akiimba. Tutauchanganya.

Chukua eneo la mita 6 kwa 8, chini ya mwembe. Hiyo ni mita 48 za mraba, kwa kuku 20 kila mmoja ana zaidi ya mita 2. Wapo wafugaji wanaobana hadi mita 1 kwa kuku, na ndio wanaoniandikia baadaye kwamba kuku wanadonoana manyoya. Mwembe usiukate wala usiuache nje ya uzio. Kuku hatoki jasho. Anapumua mdomo wazi na kutanua mabawa, na kati ya Desemba na Machi uwanja usio na kivuli unaweza kumuua mchana kweupe. Ila angalia mteremko: maji ya mvua yasituame humo. Udongo uliolowa siku nyingi ndio unaoleta ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga. Kama uwanja unateremka, chimba kamfereji upande wa juu, maji yapite pembeni.

Mzunguko wa eneo hilo ni mita 28. Nunua waya wa aina mbili, kila mmoja mita 30. Wa kwanza ni wa matundu ya nusu inchi, upana sentimita 90, mnene kadiri mfuko unavyoruhusu. Huu ndio wa chini. Sentimita 50 zisimame kwenye nguzo, na 40 zilizobaki zikunjwe kwa nje, zilale juu ya ardhi kama pindo la gauni. Zibane kwa vipande vya tofali (hilo rundo lako limepata kazi) au vijiti vya waya mnene vilivyokunjwa na kuchomekwa ardhini. Baada ya mvua mbili tatu majani yataota kupitia matundu na hutauona tena. Kazi yake ni hii: mnyama mchimbaji huja mpaka ukutani, anaanza kuchimba palepale, makucha yanakutana na waya. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanzie huko. Wengine huuzika waya wima ardhini, nayo ni sawa, lakini ni jasho jingi na waya wenyewe huoza haraka.

Waya wa pili ni wa matundu ya inchi 2, upana mita 1.5. Uanzie sentimita 40 kutoka ardhini ili upandane kidogo na ule wa chini, na pale wanapopandana ufunge kwa waya wa kufungia nondo kila baada ya shubiri. Hapo utafika mita 1.9 kwenda juu. Pale zinapokutana pembe nne, lile pindo la chini likate na ulipandanishe. Hizo mita 2 za ziada ndizo za kazi hiyo.

Nguzo ni mirunda ya futi 8, nusu mita ikizama ardhini, moja kila baada ya mita 2, pamoja na moja ya ziada ya mlango: 15 kwa jumla. Mchwa wa Goba nawafahamu kwa sifa, kwa hiyo sehemu itakayozama ipake oili chafu, uiache ikauke kabisa kabla ya kusimamisha. Juu ya ardhi usipake. Kuku hudonoa kila kitu. Nguzo za pembeni na za mlango zitie zege, zilizobaki shindilia udongo na kokoto tu.

Fundi atataka kupigilia mbao juu kuzunguka nguzo zote ili ipendeze. Mkatalie. Kuku akiona mbao juu anaruka kwenda kutua pale, kisha anachagua upande wa kushukia, na unajua atachagua upande wa mchicha. Waya ukiishia hewani unayumba, haoni pa kutua, anaacha.

Mlango uwe na upana wa kupitisha toroli, maana samadi utaitoa humo kila mara. Ufungukie ndani. Ukifungukia nje, kuku wote wanaokusubiri mlangoni na njaa yao watakupita miguuni.

Kwa juu, nyavu. Usinunue waya wa juu, ni mzito na ghali. Nenda Feri, Msasani au Kunduchi, uliza nyavu kuukuu za uvuvi, za uzi mnene, matundu yasiyozidi inchi 2. Wavuvi huziuza zikishachoka kwa bahari, na kwako bado zina miaka. Epuka nyavu za uzi mwembamba unaong'aa, zinanasa miguu ya kuku na mabawa ya ndege wasio na hatia. Pitisha waya mnene kutoka nguzo hadi nguzo katikati ili nyavu isining'inie, shina la mwembe lizungushie kwa kamba, na matawi ya chini uyapunguze. Majani ya mwembe yatadondokea juu yake, yapukute kwa ufagio mara kwa mara la sivyo itazama. Kabla hujapata hela ya nyavu, wenye mabawa mepesi wapunguze manyoya 10 marefu ya bawa moja tu, kwa mkasi, bila kugusa nyama wala unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu. Akiruka anapinda upande mmoja. Yataota tena akinyonyoka.

Vifaranga wa wiki za mwanzo, hata ndani ya uzio, wafunike na mama yao kwa tenga mchana, alivyowaleta mama mkwe. Hakuna kifaa kilicholishinda tenga bado.

Nikimtaja mama mkwe: ana haki kwa sehemu. Kuku wa kienyeji aliyefungiwa kwenye kona ya joto, bila majani wala vumbi la kuogea, kweli hunyong'onyea. Lakini hicho unachojenga kinaitwa nusu huria, na wanataga vizuri tu: mayai 10 hadi 15, kisha anataka kuatamia, kama zamani. Kitakachobadilika ni mfuko wako, na hili mafundi hawakukuambia. Kuku anayezurura nusu ya chakula anajitafutia. Ukimfungia, deni lile linakuhamia wewe. Kuku mkubwa anahitaji kama gramu 100 hadi 130 kwa siku, kwa hiyo hao 20 watakula kilo 2 na zaidi. Pumba ya mahindi peke yake haitoshi. Changanya na mashudu ya alizeti, dagaa kidogo wa kusaga, na chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyokaangwa na kutwangwa. Mabaki ya jikoni, majani ya mpapai, mchicha uliokomaa kupita kiasi, vyote viende. Mchicha ufunge kishada uuning'inize usawa wa kichwa cha kuku. Wakiurukia wanasahau kudonoana.

Uwanja wenyewe watauparua mpaka ubaki udongo mtupu, hilo usishangae. Ukiweza, ugawe kwa waya mara mbili katikati, upande mmoja upumzike na kuoteshwa matembele wakati wanatumia mwingine. Usipoweza, mwaga majani makavu na maranda, wachakure humo. Chini ya kipande cha bati weka mchanga mkavu na majivu, waoge. Utitiri na viroboto hupungua sana, ingawa haviishi.

Kuna moja uzio hauzuii: kideri. Kinaingia na viatu vyako. Chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, na kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, changeni majirani mkamwite afisa mifugo wa kata siku moja. Siku hiyohiyo muulize sheria ndogo za manispaa yenu zinasemaje kuhusu mifugo kwenye makazi. Ni vizuri jibu liwe mdomoni mwako kabla mjumbe hajaletwa.

Na jirani. Mwanangu, yule mama hajakosa adabu kwa kutokuitikia. Wewe umekula mtaji wake. Usimwendee na maneno matupu ya “tutajitahidi”. Nenda baada ya nguzo za kwanza kusimama, ili alichosikia kwako akione kwa macho. Nenda na baba watoto, jioni, si kusimama getini bali kuingia na kukaa. Mwombe radhi, muulize matuta mangapi yameharibika, ulipe mbegu na usumbufu kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe atataja. Akisema “acha tu”, usiache. Halafu mwambie samadi ni yake akiitaka, lakini mpe iliyokaa miezi miwili mitatu ikaoza. Mbichi itaunguza mchicha uliobaki na mtaanza upya. Uzio wako usiuegemeze kwenye michongoma ya mpaka, acha njia ya kupita mtu, na banda lisielekee dirisha lake. Jogoo mmoja muuze au mle. Matetea 18 majogoo wawili ni sawa kwa hesabu ya mfugaji, mmoja kwa wanane hadi kumi, lakini si kwa mtu anayelala ng'ambo ya michongoma na kuwasikia wakishindana saa kumi alfajiri. Mayai ya kuangua yatapungua kidogo, utavumilia.

Kama hela ya mwezi huu inatosha jambo moja tu, nunua waya wa nusu inchi na komeo mbili, uzibe banda. Nguzo mwezi ujao, nyavu unaofuata. Katikati ya hapo kuku washinde bandani na walishwe humo, uwafungulie saa kumi na moja jioni tu ukiwa mwenyewe uani na ufagio mkononi. Giza likiwa limekaribia hawaendi mbali, na saa hiyo jirani yako naye yuko kwenye matuta yake anamwagilia, atawaona wakirudi.

Bibi Mshauri